Namna ya Kuendesha Huduma ya Optometria kwa Kufuata Sheria na Maadili: Mwongozo kwa Watoa Huduma wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtaalamu wa optometria anayekusudia kufungua kituo cha kupima macho na kutengeneza miwani katika mkoa wa Mtwara au Lindi, kwa yule aliyeajiriwa na mwenye duka la miwani, na kwa mwenye duka mwenyewe, hata kama hajawahi kushika retinoskopu, kile kifaa cha mkononi cha kupimia jicho kwa mwanga, maishani mwake. Nauandika nikiwa na hoja moja kubwa. Katika taaluma yetu, mtu anayemwambia mteja kwamba anahitaji miwani mara nyingi ndiye huyohuyo anayemuuzia miwani hiyo. Fani chache za afya zina hali hii kwa uwazi kiasi hiki, na sehemu kubwa ya maadili yetu ipo ili kumlinda mteja anapotoka kwenye kiti cha kupimiwa na kwenda kwenye kabati la fremu. Anayelielewa jambo hilo vizuri hatahitaji kukariri kanuni nyingi.

Ruhusa zinazotakiwa kabla ya kufungua mlango

Sheria ya msingi kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, ambayo ndiyo iliyoliweka Baraza la Optometria kuwa chombo cha kusajili wataalamu na kusimamia nidhamu yao. Cheti cha chuo, hata kiwe cha KCMC Moshi ambako wataalamu wengi wa nchi hii wamefundishwa, kinathibitisha kwamba umesoma na kufaulu, lakini hakikupi ruhusa ya kumpima mtu macho, iwe kwa malipo au bure. Ruhusa hiyo hutoka Barazani, na inaendelea kuwa hai pale tu unapotimiza masharti ya kuihuisha. Kwa hiyo anza na usajili wako binafsi kabla hujalipa kodi ya pango, kabla hujaagiza fremu, na kabla hujachora bango. Aliyehamia Nachingwea au Newala kutoka mbali hushawishika kuanza kazi huku maombi yake yakiwa bado yanashughulikiwa, akijiambia kwamba karatasi zitamkuta kazini. Asifanye hivyo. Likitokea tatizo katika kipindi hicho hatakuwa na kinga yoyote, na mteja aliyeumia atakwenda kulalamika juu ya mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la taaluma.

Kosa la kawaida zaidi ni kuchanganya ruhusa ya taaluma na ruhusa ya biashara. Usajili wa jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara kutoka halmashauri vinakuwezesha kuuza bidhaa na kutoa risiti, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachompa mtu haki ya kumkalisha mwenzake kitini na kumpima macho. Mwenye duka asiye mtaalamu anapaswa kulielewa hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu akimwachia kijana wa kaunta kazi ya kupima siku ambayo mtaalamu hayupo, kosa hilo si la kijana peke yake. Siku mtaalamu wake yuko likizo, duka linaweza kuuza kamba za miwani na kukaza skrubu zilizolegea, na chumba cha kupimia kikabaki kimefungwa.

Kituo chenyewe nacho kinahitaji kutambuliwa na mamlaka za afya. Njia iliyo rahisi ni kuanza kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri na kwa mratibu wa huduma za macho wa mkoa, ukawaeleza unakusudia kufanya nini, wapi, na kwa vifaa gani, kisha ukafuata utaratibu wa usajili watakaokuelekeza. Watu hawa utawahitaji baadaye kwa rufaa, kwa huduma mkoba za vijijini na kwa mambo mengine mengi, hivyo ni vyema wakufahamu kabla hujawa na shida. Andaa chumba cha kupimia chenye mlango unaofungika na nafasi ya mita 6 kati ya kiti na chati, au mita 3 zenye kioo cha kuakisi. Pazia lililotundikwa katikati ya duka si chumba, kwa sababu kila anayechagua fremu atasikia kwamba bibi aliye nyuma ya pazia ana kisukari.

Kuhusu bidhaa, kumbuka kwamba vifaa tiba na dawa viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara, hivyo hakuna sababu ya kukisia: kabla hujanunua mzigo wa matone ya macho au wa lenzi za kuvaa ndani ya jicho kutoka kwa mfanyabiashara asiyejulikana, nenda ukaulize. Biashara ya dawa ina masharti yake mengine chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na duka la miwani halipaswi kugeuka duka la dawa kwa mlango wa nyuma. Lenzi za rangi zinazouzwa kama pambo katika saluni na mitandaoni nazizungumzia kwa uzito, kwa kuwa lenzi inayogusa jicho huweza kuleta maambukizi yanayopofusha, hata kwa msichana asiye na tatizo lolote la kuona ambaye alitaka kupendeza tu siku ya harusi. Usiziuze bila kumpima mvaaji na kumfundisha kuzivaa, kuzivua na kuzisafisha.

Kujua kazi yako inapoishia

Baraza la Optometria la Dunia, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1927, linaieleza optometria kuwa taaluma ya afya inayojitegemea na iliyo chini ya usimamizi wa kisheria, ambayo wataalamu wake hutoa huduma ya msingi ya jicho na mfumo wa kuona. Maneno yote hayo yana uzito, lakini la usimamizi wa kisheria ndilo linaloweka mipaka. Mipaka hiyo hutofautiana kati ya nchi na nchi: zipo ambako mtaalamu wa optometria huandika dawa nyingi, na zipo ambako haruhusiwi hata tone la kutanua mboni. Unachoruhusiwa wewe ni kile ambacho mafunzo yako na usajili wako katika nchi hii vinakuruhusu, hata kama umeona mwenzako wa nchi nyingine akifanya zaidi kwenye video.

Wateja wetu humwita kila mtu mwenye koti jeupe daktari wa macho, na si lazima kumsahihisha kila mzee anayekusalimia hivyo. Lakini bango, mhuri, kadi na fomu zako lazima ziseme ukweli. Daktari bingwa wa macho ni daktari wa binadamu aliyebobea kwenye magonjwa na upasuaji wa macho. Kujitambulisha kwa cheo hicho bila kuwa nacho ni udanganyifu, na mgonjwa anaweza kuchelewa kupata upasuaji kwa sababu aliamini kwamba ameshaonwa na bingwa.

Mazingira ya kusini yanaifanya mipaka hii kuwa jambo la kila wiki. Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, watu huja wakiwa na macho mekundu yanayowasha na kutoa machozi. Wengi wamewashwa na vumbi la salfa tu, lakini miongoni mwao yupo aliyechomwa na kijiti au kukwaruzwa na jani, na kidonda chake cha konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kimeingiwa na kuvu. Ukimpa huyo matone yenye steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni kwa sababu macho ni mekundu, atajisikia nafuu siku mbili tatu huku kuvu ikisonga mbele, na anaweza kulipoteza jicho. Steroidi zikitumiwa kwa muda bila uangalizi huweza pia kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Vivyo hivyo, usimpe mtu matone ya ganzi aende nayo nyumbani, hata akikulilia kwa maumivu, kwa kuwa ganzi ya kurudiarudia huiharibu konea na humfanya asihisi uharibifu unaoendelea. Uliza kila mara kama ameshatia dawa ya mitishamba, maziwa au kitu kingine, na uliza kwa upole, bila sauti ya lawama, la sivyo atakuficha.

Yapo mambo ambayo hayangoji mteja achague fremu. Jicho lililoingiwa na chokaa, tindikali au kemikali nyingine lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa nusu saa hivi, ndipo mtu apelekwe hospitali. Kuandika barua kwanza ni kupoteza jicho. Jicho lililotobolewa lisikandamizwe wala kutiwa dawa, bali lifunikwe kwa kinga ngumu, na mgonjwa aondoke mara moja. Uoni uliopotea ghafla, jicho jekundu lenye maumivu makali pamoja na kupungua kwa uoni, miale ya mwanga inayoandamana na kivuli kama pazia, na mboni nyeupe inayong'aa kwenye jicho la mtoto mdogo, ambayo inaweza kuwa dalili ya saratani, vyote ni vya kupeleka siku hiyohiyo. 

Rufaa ina adabu yake. Kumwambia mkulima wa Nanyumbu aende hospitali kubwa bila karatasi, bila jina la kliniki na bila kujua kama mtaalamu yupo siku hiyo, si rufaa, ni kumfukuza kwa lugha ya adabu. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni takriban kilomita 200, na nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili ni fedha nyingi kwa mtu aliye nje ya msimu wa korosho. Piga simu kwanza, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, Ligula, Sokoine ya Lindi, au hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, ujue kliniki ya macho iko siku gani na nani yupo. Kisha andika barua yenye uoni wa kila jicho, ulichokiona, unachokishuku na ulichokwisha kufanya, ukabaki na nakala. Baada ya wiki mbili tafuta kujua kama alifika.

Ridhaa na lugha

Ridhaa haipatikani kwa sababu tu mtu ameingia mlangoni. Kabla ya kutia matone ya kutanua mboni, mweleze mteja kwamba ataona ukungu akitazama vitu vya karibu na ataumizwa na mwanga kwa saa kadhaa, na muulize amekuja na nini, kwa maana dereva wa bodaboda aliyetiwa matone bila kuambiwa anaingia barabarani na ukungu huo. Kwa mtoto, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18, ridhaa huombwa kwa mzazi au mlezi, na kinachotangulizwa ni maslahi bora ya mtoto mwenyewe. Mtoto naye aelezwe kwa kiwango chake.

Katika uwanda wa Makonde na vijiji vya ndani vya Lindi utakutana na wazee wanaokielewa Kimakonde, Kimwera au Kiyao kwa undani zaidi kuliko Kiswahili cha hospitalini. Mkalimani anahitajika, na mara nyingi aliyepo ni mjukuu. Mjukuu anafaa kumwambia bibi yake aangalie chati. Hafai kuwa wa kwanza kusikia kwamba bibi anapofuka kwa presha ya macho na kuamua ampe habari hiyo au amfiche. Mwombe mteja mwenyewe achague nani akae chumbani, na mwelekeze maneno yako mteja, si mkalimani.

Cheti cha vipimo ni cha mteja

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo huu. Ukimaliza kupima, mpe mteja cheti cha vipimo vyake, kikiwa kimeandikwa kwa ukamilifu, kabla hujamuuliza kama atanunua miwani, na bila kusubiri akiombe. Cheti kamili kina jina na tarehe, sfera (nguvu ya lenzi), silinda (nguvu ya kusahihisha jicho lisilo na duara kamili) na mhimili (mwelekeo wa silinda hiyo) kwa kila jicho, nyongeza ya kusomea inapohitajika, umbali kati ya mboni, uoni bila miwani na uoni kwa miwani, tarehe ya kurudi, pamoja na jina lako, sahihi na namba ya usajili. Kuacha kwa makusudi umbali wa mboni au mhimili ili duka jingine lishindwe kutengeneza miwani ni hila, na haifai kwa mtu aliyeapa kuhudumia.

Nchi nyingine zimelazimika kuliandika jambo hili katika sheria. Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliweka mwaka 1978 kanuni inayomtaka mtaalamu ampe mteja cheti chake mara tu baada ya kipimo, bila malipo ya ziada na bila kumlazimisha anunue miwani hapo, kwa kuwa ilionekana kwamba wapo waliokuwa wakiwanyima wateja vyeti. Uingereza nayo ina masharti yanayofanana chini ya Sheria ya Wataalamu wa Miwani ya mwaka 1989. Sisi hatuna haja ya kungoja kulazimishwa. Toza ada ya kipimo iliyo wazi, ibandike ukutani pamoja na bei za huduma nyingine, toa risiti ya EFD, na ukishalipwa ada hiyo kazi ya kupima imekamilika na kulipiwa. Duka linalotangaza kipimo cha bure lina mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu gharama ya kipimo hicho imejificha ndani ya miwani, na kila anayeondoka bila kununua anaonekana kuwa hasara.

Uaminifu unapimwa zaidi siku ambayo ushauri sahihi ni kutouza. Mfikirie mzee kutoka Tandahimba anayekuja mwezi wa Novemba, baada ya minada ya korosho kuanza na malipo kupita kupitia chama chake cha msingi. Ana fedha mkononi na anataka miwani nzuri. Ukimpima unakuta namba zake zimesogea upande wa hasi, yaani wa lenzi za kuonea mbali, naye anafurahi kwamba siku hizi anasoma karibu bila miwani. Mtaalamu anajua kwamba hiyo yaweza kuwa dalili ya mtoto wa jicho aliyeanza kukomaa katikati ya lenzi ya jicho. Inawezekana kumuuzia miwani mwaka huu, na nyingine mwakani, na nyingine mwaka wa tatu, kila moja ikimsaidia kidogo kwa muda mfupi, mpaka mzee anaishiwa fedha akiwa bado hajafanyiwa upasuaji ambao ungemrudishia uoni. Kila risiti ya mauzo hayo ingekuwa halali, lakini jumla yake ni dhuluma. Mwambie ukweli siku ya kwanza, mwandikie rufaa, na akitaka miwani ya muda mweleze ni ya muda, ukamwonyesha ya bei nafuu.

Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa naye namba zake huyumba pamoja na sukari. Ukimkuta mtu ambaye uoni wake ulibadilika ndani ya siku chache, anakunywa maji mengi na kuamka usiku mara nyingi, mpeleke akapime sukari na umwahidi kumpima tena macho ikishatulia. Utapoteza mauzo ya siku hiyo, ila miwani ambayo ungemuuzia ingemfaa wiki tatu. Na mwalimu au fundi cherehani wa miaka arobaini na ushee anayehitaji miwani ya kusomea tu, mwenye namba sawa kwa macho yote na bila silinda, aambiwe kwamba miwani iliyotengenezwa tayari ya bei ndogo itamtosha. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa uoni, na kwamba kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wengi mno ni watu wa aina hii hasa, wanaokosa miwani rahisi ya kusomea. Kumpandishia mtu wa namna hiyo bei ni kumwondoa katika huduma.

Karatasi inayotoka kwenye mashine inayopima namba za macho kiotomatiki si cheti. Mashine hiyo hutoa makadirio, na kwa watoto, ambao macho yao hujikaza yakiangalia ndani ya kifaa, huweza kuonyesha namba hasi ambayo mtoto hana. Mtoto apimwe kwa retinoskopu, na panapohitajika kwa matone ya kulegeza misuli ya jicho, kabla hajavishwa lenzi.

Maneno ya mauzo nayo yana sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangazo la kwamba miwani fulani inaponya presha ya macho au inaondoa mtoto wa jicho linaangukia hapo moja kwa moja. Zipo lenzi zinazochuja mwanga wa bluu, zinazouzwa ghali kama miwani ya kompyuta. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyojumlisha majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho utokanao na kompyuta kwa muda mfupi zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Mteja akizitaka kwa hiari yake muuzie, ila usimtishe kwamba bila hizo simu itampofusha.

Mshahara, kamisheni na bahasha

Mkataba wa kazi ndio mahali ambapo maadili hushinda au hushindwa mapema. Mtaalamu anayelipwa kwa idadi ya miwani iliyouzwa amewekewa sababu ya kuona ugonjwa mahali usipokuwepo, na hata akiwa mwadilifu kiasi gani, kila mwisho wa mwezi atavutwa. Napendekeza kwa mkazo kwamba mtaalamu alipwe mshahara au ada ya kipimo, na mkataba useme waziwazi kwamba uamuzi wa kitaalamu ni wake, kwamba mwenye duka hataingilia vipimo wala rufaa, na kwamba hakuna lengo la mauzo litakalowekwa juu ya chumba cha kupimia. Mwenye duka akikataa kuyaandika hayo, afadhali kuyajua kabla ya kuhamisha familia.

Bahasha za rufaa ni jambo la kukataa bila kujadili. Kumlipa muuguzi wa zahanati au mwalimu kwa kila mtu anayemwelekeza kwako, au kupokea malipo kutoka kwa hospitali kwa kila mgonjwa unayempeleka, kunaligeuza jicho la mtu kuwa bidhaa ya dalali, na kunaweza kukufikisha TAKUKURU chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mtumishi wa hospitali ya serikali mwenye duka lake nje ana ziada ya kujihadhari: asimwelekeze mgonjwa wa hospitali dukani kwake, na akiulizwa miwani inapatikana wapi ataje sehemu zote anazozijua. Madai ya bima nayo yaandikwe kwa kile kilichotolewa kweli. Kuandika lenzi ghali na kutoa za kawaida ni wizi, hata mwanachama mwenyewe akiomba ili tofauti ya fedha anunulie miwani ya jua.

Kumbukumbu na siri

Haki ya faragha iko katika Ibara ya 16 ya Katiba, na tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi. Taarifa za afya zinahesabiwa humo kuwa taarifa nyeti, na anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa kituo kidogo cha Ruangwa maana yake kwa vitendo ni hii: daftari la wateja lisikae juu ya kaunta likiwa wazi, kompyuta iwe na nywila isiyojulikana na kila mtu, picha ya jicho la mgonjwa isitumwe kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na jina au uso, na namba ya simu aliyokupa mteja ili umwambie miwani iko tayari isigeuzwe njia ya kumtumia matangazo asiyoyataka. Mwajiri akitaka kujua kama dereva wake anaona vizuri, mteja mwenyewe ndiye wa kukubali majibu yatolewe.

Kwa watu wenye ualbino uangalifu huu ni jambo la usalama wa maisha. Wengi wao wana uoni hafifu, macho yanayochezacheza na kuumizwa na mwanga, hivyo ni wateja tunaopaswa kuwatafuta na kuwahudumia vizuri kwa lenzi zinazofaa, kofia na vifaa vya kukuza maandishi. Lakini orodha inayoonyesha majina yao, vijiji na nyumba wanamoishi ni kitu cha kufungia kwa ufunguo, kwa kuzingatia mashambulizi ambayo watu hawa wamefanyiwa katika nchi yetu. Usiibandike, usiitume, wala usimpe mtu anayejitambulisha kama mfadhili mpaka uwe umethibitisha kwa mamlaka na kwa wahusika wenyewe.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke, andika lililo sahihi, weka tarehe na sahihi. Kumbukumbu iliyofutwa kwa wino mweupe haimsaidii mtu yeyote.

Shuleni na vijijini

Huduma mkoba ina baraka zake, na mimi naiona kuwa wajibu kwa kila anayefanya kazi katika mikoa hii, lakini ndiko maadili yanakoachwa garini. Pata kibali cha Mganga Mkuu wa Halmashauri, mjulishe Afisa Mtendaji wa Kijiji, na kwa shule pata idhini ya uongozi na taarifa kwa wazazi kabla ya siku yenyewe. Beba kiwango kilekile cha kupima ambacho ungekitumia kituoni. Majibu ya mwanafunzi yaende kwa mzazi kwa karatasi iliyokunjwa. Usimtangaze mstarini kwamba haoni ubao. Miwani iliyotolewa kwa msaada igawiwe kwa kipimo, kwani kumpa mtu namba isiyo yake eti kwa sababu ni ya bure bado ni kumdhuru. Na kabla hujaondoka Liwale au Kilwa, mwachie mtu namba ya kukupigia pamoja na tarehe ya kurudi, kwa sababu fremu zitavunjika na maswali yatazuka ukiwa umeshavuka mto.

Mteja akilalamika

Msikilize mpaka amalize, pima tena bila malipo, kagua lenzi kwa lensomita, kifaa cha kupimia nguvu ya lenzi, ulinganishe na cheti, na angalia mkao wa fremu usoni. Mara nyingi kosa huonekana hapo, nalo lirekebishwe kwa gharama ya kituo. Ikiwa namba ni sahihi na mteja hajazoea, mweleze muda wa kuzoea na umpangie siku ya kurudi. Ikiwa bado hamuelewani, mwandikie kwa hiari yako anwani ya Baraza la Optometria na umpe nakala ya kumbukumbu zake, kwa kuwa kulalamika ni haki yake, na kumzuia kutakuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Baraza likikuandikia, jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, ukiambatanisha kumbukumbu za awali kama zilivyo, bila kuongeza mstari wowote baada ya tukio.